Karafuu za Mzee Mbarouk Zimechanua

Kidichi nzima ilijua kwamba Mzee Mbarouk haachi karafuu mtini. Wengine wakimaliza kuchuma, ukitazama juu utaona vishada vimesahauliwa huku na huku. Kwake ungetafuta mpaka shingo ikuume. Karafuu huchumwa ingali tumba, na ikishafunguka haina thamani tena. Kwa hiyo mkarafuu wenye maua, machoni pake, ulikuwa fedheha ya mwenyewe, sawa na mtu kutoka nje bila ya kufunga kikoi. Alikuwa akiyasema hayo kila jioni kwenye baraza ya kahawa, na sahibu yake Haroub, mkulima mwenziwe, hakuchoka kumcheka.

Basi asubuhi moja akapita kwa jirani yake, Bi Mwanamwema, mjane wa rafiki yake. Bibi hakuwepo, amekwenda kuhani msiba Mwanakwerekwe. Na pale uani, kwenye mkarafuu uliokwisha kuchumwa wote, lilibaki tawi moja limejaa matumba yaliyoiva, mekundu, kesho tu yatafunguka.

"Masikini, hana wa kumchumia," Mzee Mbarouk alijisemea. Moyo ukamjaa huruma, na majivuno kidogo pia. Akachukua upembo, ile fimbo yenye ncha ya kuvutia matawi, akalichuma tawi lote bila miguu yake kuacha ardhi. Akachambua vikonyo, akaanika karafuu kwenye jamvi. Watu husema tenda wema nenda zako, yeye hakwenda. Alikaa barazani kungoja kushukuriwa.

Bi Mwanamwema alirudi adhuhuri pamoja na mjukuu wake Nassra, msichana anayeishi Kiembe Samaki, kamera shingoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Lakini Nassra alikwisha kuinua macho mtini. "Bibi, maua yangu yako wapi?"

Bi Mwanamwema akatazama tawi, akatazama jamvi, akamtazama jirani yake. "Yarabi! Shemegi, umefanya nini? Tawi lile nlimwachia mtoto kusudi!"

Ndipo Mzee Mbarouk alipoelezwa. Nassra alikuwa akipiga picha za maua ya Unguja, nyeusi na nyeupe tu. Alikwisha kupiga asumini, mlangilangi na kilua, na wiki ya pili yake zingetundikwa katika nyumba moja Shangani, watu waje kuzitazama. Lililobaki ni ua la mkarafuu. Alizunguka mashamba mpaka akachoka, na kila alikouliza alijibiwa kwa fahari kwamba huku kwetu huoni hata moja lililochanua.

"Na rangi unaitolea nini?" Mzee aliuliza.

"Rangi inayameza, babu. Ua la mkarafuu ni vinyuzi vyembamba vyeupe. Ukiondoa rangi, ndio unaviona." Alijibu kwa adabu, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Hakumlaumu. Angelimlaumu ingelikuwa afadhali.

Mzee Mbarouk alirudi kwake mnyonge. Aibu ile ilikuwa nzito, lakini kulikuwa na nyengine nzito zaidi: alijua pa kulipata ua la mkarafuu. Mwisho wa shamba lake, nyuma ya migomba, ambako hapiti mtu, ulikuwepo mti mmoja mrefu. Msimu ule aliupanda mpaka katikati, magoti yakaanza kutetemeka, akashuka. Kesho yake akapanda tena, akashuka tena. Kumwita kijana ampandie aliona ni kupiga mbiu kwamba Mbarouk kazeeka. Akatangaza barazani kwamba amemaliza kuchuma. Sasa kilele chote cha mti ule kilikuwa kimechanua, na kila alipokwenda kukata ndizi alipita kichwa chini asikione.

Akikionyesha, jina lake limekwenda. Haroub peke yake angelimcheka mpaka Ramadhani. Lakini mtu aliyemliza mtoto kwa wema wake atajificha vipi nyuma ya migomba? Baada ya kusali alasiri akavaa kofia, akarudi kwa jirani.

"Chukua kamera yako, twende," alimwambia Nassra. "Lakini usinulize mti wa nani."

Nassra alipofika chini ya mti akainua uso. Akalala chali juu ya majani makavu, akapiga picha mpaka jua likapungua. Kisha akamwonyesha Mzee kioo cha kamera. Majani yalikuwa meusi, na juu yake maua meupe yametawanyika kama unga uliomwagika kwenye kaniki. Mzee Mbarouk alifurahi mpaka akashangaa nafsi yake. Maisha yote aliyakimbilia yale maua kuyawahi yasifunguke, wala hakupata hata siku moja kuyatazama.

"Nandike mkarafuu wa nani, babu?"

"Andika wa Kidichi. Basi."

Siku ya maonyesho alivaa kanzu mpya, akaenda Shangani pamoja na Bi Mwanamwema. Haroub naye alikuja, hapitwi na jambo. Akasimama mbele ya picha kubwa kuliko zote, akasoma maandishi chini yake, akaangua kicheko ukumbi mzima ukageuka.

"Kidichi! Mvivu gani huyu kaacha karafuu mpaka zikawa hivi? Mbarouk, wewe unayajua mashamba yote, hebu tutajie!"

Nassra aliinamisha macho. Mzee Mbarouk angeweza kusema sijui, na neno lilikuwa lishafika ulimini. Akaitazama picha. Katika vyote vilivyotoka shambani kwake, hakijapata kutoka kizuri kama kile, na akaona kukikana ndiyo aibu hasa.

"Mti wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Kilele sikifikii tena. Magoti hayataki."

Kicheko kikamkatikia Haroub. Akatazama kushoto na kulia, akamsogelea mwenziwe, akamshika mkono.

"Yakhe," alinong'ona, "mimi nnayo mitatu."