Pombe Iliyobaki Mlangoni pa Baraje

Hii niliambiwa na Patricie wa Giheke, mwaka jana, tukipepeta maharage nyumbani kwangu.

Wakati ule wa vita ya Kongo, Jules wa Bukavu alikuwa anamtaka Patricie. Lakini baba yake Patricie, mzee Protais, alikataa kumtoa kabla ya kunywa pombe ya wakwe, iletwe na mkono wa baba mwenyewe. Na baba yake Jules, mzee Mulume, alikosa ruhusa ya kuvuka mpaka kuja Giheke. Patricie akangoja mpaka wenzake wote wakaolewa.

Kisha ile baraje ya zamani ya mpakani, bwawa la umeme lililojengwa na Wabelgiji, ikafunguliwa siku moja ili vibarua wake wa kwanza waje kuitembelea. Wazee hao wote wawili walibeba saruji pale wakiwa vijana. Mulume akaja kutoka upande wa Kongo na bidoni ya kasigisi, pombe ya ndizi. Patricie na Jules wakawasindikiza.

"Pombe haiingii kwa mashini," mlinzi akasema.

Bidoni ikabaki mlangoni. Wakaingia, wakatazama mashini kuukuu, sakafu ikitetemeka chini ya miguu. Walipotoka, Jules akapiga magoti, akampa Protais kikombe.

Protais akarudisha mikono nyuma. "Hii imebaki peke yake. Siku hizi batu banatia sumu. Sinywi."

Patricie akaona ndoa yake imeishia pale.

Mulume akakichukua kikombe, akakimaliza. "Haya, Mzee. Ngoja uone kama nitakufa."

"Nitangoja. Lakini tutembee. Tukikaa itakuwa kama kilio."

Wakatembea, Jules amebeba bidoni. Wakaona maji yaliyozuiwa, milango ya chuma, na vyuma vinavyokamata takataka zisiingie kwa mashini.

"Angalia uchafu wa Bukavu," Protais akasema.

"Ile sandali ni ya Cyangugu, kwenu. Imeshonwa na kamba. Sisi tunatupa mapema."

Protais akacheka. Lakini kila baada ya hatua chache aligeuka. "Tumbo?"

"Iko na njaa tu."

Kwenye ukuta mkubwa wakabishana nani alibeba zaidi. "Wewe?" Mulume akasema. "Si ulikuwa unajificha nyuma ya magunia, unalala! Yule kapita, msimamizi wetu, akikuita, mimi ndiye najibu."

Protais akamtazama sana. "Muntu mwenye sumu tumboni hakumbuki hivyo. Leta kikombe."

Akanywa. Patricie akakaa chini palepale.

Jioni Protais akapanda kitandani mapema, mkono juu ya tumbo, macho wazi.

"Papa, unaumwa?"

"Hapana. Waambie bakwe balete ng'ombe ya mahari."

Akaanza kukoroma. Patricie alikaa karibu, akaisikiliza ile pumzi mpaka akaiamini, naye akalala.