Sushi ya Mukeke

Wali wa Honorine ulijulikana mtaa mzima wa Kilibula, mjini Uvira. Kila punje ilisimama peke yake, haina habari na mwenzake. Harusini walimwita yeye apike, na mwanamke ambaye wali wake ulishikamana alijua kwamba Honorine ameuona, hata kama hakusema kitu. Kwa hiyo bintiye Naomie alipomwambia asubuhi ya Jumatano kwamba safari hii wapike wali unaonata, mama aliweka kisu chini, akamtazama kama anayetaka kumpima homa.

Naomie alikuwa amekuja likizo ya wiki mbili kutoka Bujumbura, anakofanya kazi ya mapokezi hotelini. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na pakiti ya karatasi kumi nyeusi za mwani uliokaushwa. Alieleza kwamba wapishi wa hotelini hutandaza wali juu ya karatasi hiyo, huweka samaki katikati, huviringisha, kisha hukata vipande vidogo vya kuliwa mara moja. Chakula cha Wajapani, kinaitwa sushi. Honorine aliuliza samaki anapikwa vipi. Alipoambiwa kwamba wengi humla mbichi, alisema nyumbani kwake hata paka hali mukeke, samaki wa ziwa lao, akiwa mbichi, na mazungumzo yakaishia hapo hadi mchana.

Kilichomrudisha ni picha aliyoonyeshwa kwenye simu: kila mtu na sahani yake, na kila mtu ameshika vijiti viwili vyembamba. Hapo Honorine akamfikiria mume wake.

Rémy alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kule Kalundu. Mwaka juzi presha ilimwangusha. Baadaye mdomo uliopinda ulinyooka, mguu ulirudi na kuchechemea kwake, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia tu. Na chakula cha watu hakimegwi kwa mkono wa kushoto. Huo una kazi yake nyingine, na mtoto wa Uvira hufundishwa hivyo kabla hajajua kuvaa kaptula. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Clovis, kaka yake mkubwa, alikuja kula kama kawaida yake. Bugali ulikuwa katikati na samaki kando. Rémy alisahau, au labda alichoka kungoja kulishwa, akamega kwa kushoto. Clovis akaondoa mkono wake kwenye bugali. Alinawa, akasema ameshiba, na bugali ulikuwa haujafika hata nusu.

Tangu siku hiyo Rémy alikula chumbani peke yake, mlango umefungwa. Kulishwa na mkewe alikataa. Kijiko nacho alikataa kukishika mbele ya watu, maana bado ungekuwa mkono uleule. Clovis aliendelea kuja kila Jumapili, na kila Jumapili aliambiwa kwamba mdogo wake amelala, naye akajifanya kuamini. Honorine alikuwa amekula na mume wake miaka ishirini na saba; sasa alipokea sahani tupu mlangoni kama mtumishi. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: Rémy akae mezani Jumapili, ale na watu. Kwa vijiti, aliwaza, kila mtu atahangaika na sahani yake, na hakuna atakayepata nafasi ya kuangalia mkono wa mwenzake.

Alhamisi wakajaribu. Honorine alipika, na mikono yake ikafanya inavyojua: ikaosha mchele mara nne, ikapima maji kidogo, ikatia kijiko cha mafuta. Wali ulitoka mzuri ajabu. Walipouviringisha ulimwagika pande zote mbili kama mchanga, na karatasi ya pili ikapasuka katikati. Naomie alicheka hadi akakaa chini. Alimuuliza mama yake kama ametia mafuta, na mama akakiri kwamba ametia, bila kukusudia, maana katika maisha yake hajawahi kupika wali bila mafuta. Wakaula kwa vijiko.

Jumamosi alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kimanga, kwa Ninahazwe, anayeuza mchele wa bonde la Ruzizi. Aliomba mchele mpya, wa mavuno ya juzi juzi, ule ambao wanunuzi huurudisha wakilalamika kwamba umegeuka uji. Ninahazwe alishangaa, kwa kuwa Honorine ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Honorine akajibu kwamba yupo, na hakuona kama amesema uongo.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mchele mpya ukaenda jikoni bila hata tone la mafuta. Naomie alipima maji, akafunika, na ulipoiva akaunyunyizia siki, sukari na chumvi, huku akiupepea kwa kifuniko cha ndoo. Ukang'aa na kunata. Geneviève, jirani wa ukuta wa pili, alipopita kuomba moto, Honorine aliifunika sufuria haraka kama aliyeiba. Mukeke walikuwa wamechomwa juu ya makaa. Akawatoa miiba kwa vidole, akakata avoka na karoti nyembamba. Cha kuviringishia hawakuwa nacho, basi wakakata kipande cha mkeka wa matete, wakakiosha vizuri.

Sushi ya kwanza ilitoka imelegea, na katikati mna shimo. Ya pili ilinenepa upande mmoja kama soksi iliyotiwa jiwe. Mama na binti wakaanza kubishana, kila mmoja akimwambia mwenzake anabana vibaya, na hawakuona kwamba Rémy amesimama mlangoni. Alikuwa ametazama kwa muda.

"Munakaza pembeni kwanza," alisema. "Injini ukiikaza vile, itavuja. Muanze mu katikati."

Naomie alisogea bila kuombwa. Rémy akauinua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaulaza juu ya ukingo wa mkeka uushikilie kwa uzito wake. Kisha kwa kiganja cha kushoto akaviringisha polepole, akabana katikati, akaenda upande huu, akarudi, akaenda upande ule. Alipofunua mkeka, sushi ilikuwa ya mviringo, imekaza, sawasawa mwanzo hadi mwisho. Honorine aliikata kwa kisu chenye maji na hakuna punje iliyoanguka. Rémy akanyoosha mkono kuomba karatasi nyingine. Alizikaza zote sita, na kwa muda huo alikuwa yule fundi wa Kalundu ambaye hasemeshwi akiwa kazini. Honorine aliinama kwenye makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yaonekane.

Walipomaliza akamwomba, kwa sauti ya chini, leo ale pamoja nao. Rémy alijibu kwamba ataona, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa na maana ya hapana. Akaenda chumbani. Lakini mlango hakuufunga.

Clovis alifika saa saba. Aliuliza bugali uko wapi, akaambiwa leo hakuna, akakaa na uso wa mtu aliyekosewa. Naomie alimpa vijiti vya mwanzi alivyochonga mwenyewe. Kipande cha kwanza kilimwangukia kwenye suruali ya misa. Clovis akaviweka vijiti kando, akanawa, akala kwa vidole vya mkono wa kulia kama mtu mwenye akili zake, na Naomie naye, kwa heshima ya baba mkubwa, akafanya hivyo hivyo. Mpango wote wa Honorine uliisha pale, kabla ya dakika tano.

Clovis alikula kimoja, kisha viwili, akafika cha tano. Alimsifu Honorine: alisema hajawahi kuona kitu cha wali kilichokazwa vile, kinashikika, hakitawanyiki. Hapo Rémy akatoka chumbani akichechemea, akavuta kiti, akakaa. Naomie akamsogezea sahani kubwa iliyokuwa katikati. Mkono wa kushoto wa Rémy ulikuwa chini ya meza, juu ya goti. Clovis aliacha kutafuna.

"Mukubwa," Rémy alisema, "hii yote unakula, njo minye niliikaza." Akautoa mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza, mbele ya kaka yake. "Nilikaza na huu. Ule ingine hauwezi tena. Weye ulishakula vipande tano vya mukono wa kushoto, na haukufa. Sasa minye pia nitakula."

Clovis alimgeukia Honorine. Muda wote huo Honorine alikuwa amemwambia kwamba mdogo wake amelala, na angeweza kutafuta neno jingine la kufunika. Alichoka kufunika.

"Ni kweli, shemeji," alisema. "Minye nilikata tu."

Rémy akachukua kipande kwa vidole vya kushoto, akala. Alitafuna bila haraka, akasema wali umepungua chumvi. Clovis alitazama sahani yake, ambayo haikuwa na kitu, akatazama ile kubwa, iliyokuwa upande wa Rémy. Nje moto mbili zilipita zikipigiana honi. Honorine alikuwa ameshika ukingo wa kiti chake.

"Nipe ingine," Clovis alisema.

Rémy akachukua kipande kwa mkono wa kushoto, akakipitisha juu ya meza. Katika nyumba ile hakuna mdogo aliyewahi kumpa mkubwa wake chakula hivyo. Clovis akajifuta viganja kwenye suruali, akanyoosha mikono yote miwili, ameiunganisha, kama mdogo anavyopokea kwa mkubwa, akakipokea.