Wifi Wawili wa Manowari Tarbox

Hester Tarbox alimlea mdogo wake Alden tangu mama yao alipofariki. Alimkanda kifua kwa mafuta kila alipokohoa, akamfundisha kusoma, akamsindikiza stesheni alipokwenda kuwa baharia. Basi Alden alipouawa Pasifiki, akiwa amerudi ndani ya chumba cha injini kinachoungua ili awatoe wenzake, na Jeshi la Maji likaamua kuipa manowari mpya jina lake, Hester alishona gauni la buluu kabla hata ya kuombwa lolote.

Hakuombwa. Aliyeitwa kuizindua meli kwa kuvunja chupa ya shampeni kwenye omo, yaani pua yake, ni Corinne, mjane wa Alden, aliyeishi naye wiki tatu tu.

"Wiki tatu!" Hester alimlalamikia jirani yake, Bi. Leavitt. "Hata soksi zake hajawahi kuzitia kiraka!"

"Lakini ndiye mke, Hester."

"Mke kitu gani! Mimi nimemfuta makamasi."

Siku ya kuishusha meli majini, pale kwenye kiwanda cha meli mjini Bath, Hester aliwekwa nyuma ya Corinne. Mjane alivaa kofia nyekundu iliyomkaa vizuri mno. Akapiga chupa, ikagonga chuma, ikadunda. Meli ikaanza kuteleza.

Hester hakufikiri. Alimpiga wifi yake kumbo, akaidaka chupa, akaibamiza kwa kinyongo chote cha miezi ile. Povu likamrukia usoni. Umati ukashangilia. Picha iliyotoka gazetini ilikuwa yake. Corinne alionekana kiwiko tu.

Tangu hapo hawakusemeshana.

Manowari ikaenda vitani. Ikasindikiza meli za askari, ikazamisha nyambizi, na huko Okinawa ndege ya Kijapani ikajibwaga juu ya sitaha yake, ikaua mabaharia wengi. Hester aliposikia, aliona kama Alden ameungua mara ya pili. Alitaka kumpigia Corinne simu, maana hapakuwa na mwingine wa kulia naye, akashindwa. Baadaye akaambiwa kwamba walionusurika walikwenda kumsalimia Corinne, wakanywa kahawa kwake. Wivu ukamchoma upya.

Meli ikatengenezwa, ikapigana Korea, ikazeeka.

Walikutana tena Boston, siku manowari ilipostaafishwa. Corinne alikuwa na mvi, ameolewa na mwanamume mwingine, naye akafiwa tena. Bendera ikateremshwa, ikakunjwa, kapteni akamkabidhi yeye. Hester akashtukia mikono yake mwenyewe imeinuka nusu. Akaishusha.

Corinne alimwona. "Bado unanichukia, wifi?"

"Kidogo."

"Basi tuko sawa. Unajua wiki zile Alden alizungumza nini? Hester hufanya hivi, Hester angesema vile. Nikampikia supu ya samaki, akaonja, akaniambia haijafikia ya dada yake. Nilitamani kukunyonga hata sijakuona!"

"Alisema hivyo?" Hester aliuliza, na furaha aliyoisikia haikuwa nzuri, wala hakuificha. "Ulitia nini?"

"Siagi."

"Siagi! Mwanzo kaanga mafuta ya nguruwe, mwanamke wewe."

Corinne akacheka hadi akajifuta macho. Bendera alibaki nayo, na Hester aliikodolea macho njia nzima kwenda stesheni. Lakini garimoshi lilipofika, viti vilikuwa vitupu tele, naye akaenda kuketi ubavuni mwa Corinne.