Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo hata mpishi angeisoma. Ilimtaka mwalimu wa fizikia arudishe ufunguo wa chumba cha kompyuta Ijumaa saa nne, mbele ya kikao cha walimu. Wanafunzi wa klabu yake, barua ilisema, ndio wanaoangusha mtandao wa shule. Chumba kingegeuzwa stoo ya viti vibovu.

Aliisoma mara mbili akitafuta ushahidi. Hakuukuta. Akaibandua, akaitia mfukoni pamoja na ufunguo alioutunza miaka sita.

Alhamisi alasiri alikuwa kwa mjomba wake, fundi wa redio, laptopu imewekwa katikati ya redio zilizofumuliwa matumbo. Alikuwa na programu ya kuchunguza mitandao ya hewani: inaonyesha kila kifaa kinachotangaza wifi, namba yake ya utambulisho na nguvu ya mawimbi yake. Kwa kuwa laptopu ilibeba alama za mitihani, hakutaka kuivuruga. Programu aliiweka kwenye kompyuta ya kuigiza, ile inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kila alipoiamuru, ilijibu kwamba haioni kifaa cha wifi. Na wakati huohuo laptopu yenyewe ilikuwa imeunganishwa na wifi ya jirani bila wasiwasi wowote.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini chuma cha kuchomelea.

"Umesoma mpaka ukapitiliza, mama. Laptopu ni mwenye nyumba, hiyo ya ndani ni mpangaji. Dirisha liko chumbani kwa mwenye nyumba. Mpangaji unampitishia maji kwa bomba, halafu unamuuliza mvua inanyesha upande gani?"

Alikiri kosa bila kujitetea. Ukweli hauna mkubwa. Mpangaji alihitaji dirisha lake mwenyewe. Mjomba alipekua droo akatoa adapta ya wifi ya kuchomeka, yenye antena ndefu kama kidole. Ilipochomekwa, laptopu iliidaka kwanza, na programu ikaendelea kulalamika. Mwalimu akafungua mipangilio, akachagua kwamba adapta ni mali ya kompyuta ya ndani peke yake, akaichomoa, akaichomeka tena. Taa ikapepesa. Orodha ikashuka: mitandao kumi na mmoja. Mjomba alisema sasa mpangaji amepata dirisha, asije akadai na mlango.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele, aliwasha laptopu akiwa darasani. Jina la mtandao wa shule lilitokea mara mbili, chaneli moja, namba mbili tofauti. Namba ya kwanza aliijua. Ilikuwa imebandikwa chini ya kisanduku cha wifi cha chumba cha kompyuta. Ya pili haikuwemo kwenye daftari la vifaa. Alijaribu kujiunga na kifaa hicho cha pili: kilimpokea vizuri, kisha hakikumfikisha popote. Mashine yoyote iliyokishika ilibaki inaning'inia.

Saa nne Mkuu wa shule alinyoosha mkono mbele ya walimu wote. Badala ya ufunguo, mwalimu wa fizikia alibeba laptopu mkononi kama sinia, akaelekea mlangoni.

"Mwalimu, kaa chini."

"Nitakaa nikifika, Mkuu."

Programu ilipima mawimbi ya kifaa hicho kwa namba hasi. Kadiri zinavyoikaribia sifuri ndivyo kifaa kilivyo karibu. Mlangoni pa kikao: hasi sabini na moja. Alizitamka kwa sauti, kila mtu azisikie. Kwenye korido, hasi hamsini na nane. Walimu walikuwa wameanza kumfuata, na yule wa historia akauliza kama ukuta una homa. Hasi arobaini na mbili. Mbele ya ofisi ya Mkuu, hasi ishirini na tisa.

Ndani, juu ya kabati, nyuma ya vikombe vya ushindi, kisanduku kidogo kilikuwa kikipepesa taa ya kijani.

Mkuu alieleza taratibu kwamba shemeji yake alikiweka muhula uliopita ili Mkuu akipiga simu za video zisikatike, akakiruhusu kifikishe simu yake pekee mtandaoni, na akakipa jina na nywila zilezile za shule ili mzee wa watu asisumbuke na mpya. Kisha akashusha sauti.

"Haya tutayamaliza ndani, mwalimu."

"Barua yangu ilikuwa ubaoni."

Mwalimu alichomoa waya. Kwenye orodha, mstari wa pili ukanyamaza. Akatoa barua mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya Mkuu, na juu yake akaweka kalamu.

"Hapo chini pana nafasi ya kutosha kusahihisha. Ukimaliza, irudi mahali pake."

Mkuu aliitazama kalamu, akawatazama walimu mlangoni. Alisema ufunguo ni mali ya shule, na bado anautaka.

"Basi niandikie nyingine," alisema mwalimu wa fizikia. "Safari hii uweke kipimo."

Akaenda kufungua chumba. Kipindi cha klabu kilikuwa kimeshachelewa dakika tisa.