Mkono Ule wa Upande wa Mama

Benchi la korido lilikuwa na nafasi tele, lakini kwa mama yake Kasuku halikukalika. Alikwenda dirishani, akarudi mlangoni, akaenda tena dirishani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alimwona binti yake juu ya kiti kirefu mbele ya mwalimu wa usaili, miguu inaning'inia, mdomo unakwenda kama cherehani. Jina la Kasuku hakulipata bure.

"Dada, keti basi," alisema dereva mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe. "Ukitoboa sakafu, sisi wengine tutapita wapi?"

Alitabasamu kwa adabu tu. Mwalimu mkuu alikwishawaambia wazazi waziwazi: mtoto ambaye hajawa tayari kwa darasa la kwanza anarudi chekechea mwaka mzima. Na wenzake Kasuku wa mtaani wote walikuwa wameshapita.

Kuhesabu, Kasuku alihesabu. Rangi alizitaja zote, hadi ya kalamu ya mwalimu.

"Haya, nyoosha mkono wa kulia."

Kasuku akanyoosha wa kushoto, juu kabisa, bila wasiwasi.

"Shika sikio la kushoto."

Akashika la kulia.

"Piga chini mguu wa kulia."

Wa kushoto, puu.

Mama akasogea hadi kizingitini. Mazoezi haya waliyafanya kila jioni, yeye ukingoni mwa kitanda, mtoto kwenye kigoda, uso kwa uso. Fanya kama mama. Mama akinyoosha wa kulia, mtoto alinyoosha ule uliokuwa upande uleule, kama kwenye kioo, yaani wake wa kushoto. Naye, macho yakiwa kwenye shati la mteja lililodai vifungo, alisema vizuri, vizuri sana mwanangu.

Akajikuta yumo ndani. "Mwalimu, samahani, mimi ndiye..."

"Mama, anayeulizwa ni mtoto."

"Na hujapiga hodi," Kasuku akaongeza.

Mwalimu akaweka kalamu chini, akamtazama mtoto. "Asiyejua hubahatisha, mara apate, mara akose. Wewe hapa umekosa yote matatu. Nani alikufundisha?"

"Mama. Yeye anakaa kule, mimi huku."

Mwalimu aliinuka, akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa Kasuku, wote wakielekea ukutani. "Huu wangu ndio wa kulia. Nyoosha wako."

Kasuku aliutazama mkono wa mwalimu, akautazama wake, kisha akamgeukia mama yake kwa mashaka. Akanyoosha wa kulia.

"Sasa sikio la kushoto."

Kidole kilipanda upande huu, kikasita. Kikahamia upande wa pili.

"Nampokea," alisema mwalimu. "Mama yake ndiye arudi chekechea."

Nje dereva alimsogezea nafasi. "Vipi, amepita?"

"Amepita, kaka."

Hata hivyo hakukaa. Alimsimamisha mtoto katikati ya korido, akajipanga nyuma yake.

"Nyoosha wa kulia."

"Mama, si nimeshafaulu?"

"Nyoosha tu, mama." Alipoinama, macho yakaangukia miguuni pa mtoto. "Na hizi kamba za viatu, nilikufundisha kuzifunga tukiwa tumekaaje?"