Dumu Chini ya Kitanda

Kwenye kiwanda chetu cha kufua mashuka ya hospitali, kila mwanzo wa mwaka tunagawiwa kijitabu cha usalama wa kemikali. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja: "Nimesoma na nimeelewa." Miaka sita nimetia sahihi hapo, na sahihi yangu ni nzuri, ina mkia. Kusoma sijawahi. Nani ana muda huo na mashine zinanguruma?

Jumanne moja akaja afisa usalama mpya, mama mfupi ambaye tulishambandika jina la Mama Glavu kabla hajamaliza salamu. Akaweka mezani dumu jeupe la dawa ya kutoa kutu kwenye mashuka.

"Hili ni tupu," akasema, "lakini dawa bado imo. Inajificha kwenye mfuniko na kwenye plastiki yenyewe. Msiligeuze la maji. Anayeyanywa anaungua koo na tumbo. Kuna aliyepeleka moja nyumbani?"

Wiki tano nyuma nilibeba dumu kama lile, nikalisuuza mara tatu kwa sabuni, nikampelekea mama mkwe, mama wa mume wangu, aweke maji ya kunywa. Na binti yangu wa miaka saba anashinda kwa bibi yake kila siku akitoka shule.

Niliona aibu, tena sana, lakini mkono niliunyosha. "Mimi."

Nilingoja anifokee. Akanipa glavu na mfuko. "Kimbia. Wasinywe tena, na dumu ulirudishe. Mengine tutaongea baadaye."

Njia nzima nilikuwa nahesabu vikombe vya maji ambavyo mtoto hunywa kwa siku. Mama mkwe na mimi tulikuwa hatupikiki chungu kimoja, na dumu lile nilimpa ili tupatane. Badala ya asante, akanuna. Wiki tano nikimwamkia anaitikia huku akitazama ukuta. Nilikuwa nimekasirika kweli, nikawa nasema huyu hata umpe dhahabu atauliza mbona ya njano. Leo nilikuwa naomba anune miaka mia, mradi awe mzima.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Binti yangu yuko kwenye mkeka na daftari, na kando yake kikombe cha maji. Nilikinyakua, nikamwaga.

"Maji haya yametoka wapi?"

"Bombani," mama mkwe akajibu. "Kwani kwenu maji hutoka wapi?"

"Lile dumu jeupe, mama, liko wapi? Mmelitumia?"

Akaweka ungo chini taratibu. "Ahaa. Umekuja kuangalia kama nimeshakufa."

Akaingia chumbani, nami nyuma yake. Akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda mfuko mweusi wenye mafundo matatu. Ndani mlikuwa na dumu langu, kavu kabisa.

"Nimemwekea mwanangu. Akirudi safari na lori lake, aone mke wake ananiletea nini."

Akaligeuza. Siku ile ya kulisuuza nilikwangua karatasi yake ya maelezo kwa kisu. Maandishi yote yalitoka, ila kona moja iligoma, nami sikuijali: picha ya mkono unaodondokewa na matone, nyama inaliwa.

"Shule sikwenda," akasema, "lakini mkono unaoliwa naujua. Nikasema basi, mkwe amenichoka, ananitumia ujumbe. Tangu siku hiyo hata chai yako sijaigusa."

Nilikaa chini palepale sakafuni, nikacheka huku nalia. Sijawahi kufurahi namna ile kuitwa muuaji.

"Mama, haki ya Mungu, sikujua!"

"Miaka sita uko huko, hujui?"

"Huwa tunapewa kijitabu."

"Umekisoma?"

"Nimekitia sahihi."

Alinitazama, nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta, hadi mtoto akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Kesho yake nilirudisha dumu. Mama Glavu alilitoboa kwa msumari mbele yetu sote, kisha akanipa barua ya onyo, haki yangu. Jioni nilipita kwa mama mkwe kama alivyoniagiza, kijitabu mkononi. Tayari alikuwa amechemsha chai.

"Haya, soma."

Nikaanza na jalada. Ukurasa wa pili, mstari wa nne: "Mfanyakazi haruhusiwi kupeleka nyumbani chombo chochote kilichokuwa na kemikali, hata kikiwa kitupu."

"Rudia hapo," akasema, akinisogezea kikombe.

Nikarudia.