Nukta Iliyowaka Kila Asubuhi

Sajini wa polisi wa jeshi alibisha hodi akiwa na kishikwambi mkononi. Kwenye skrini, nukta nyekundu iliwaka juu ya nyumba hiyohiyo. Tangu kambi ya mpakani ishambuliwe, kompyuta ya makao makuu ilikuwa ikifuatilia simu za askari ambao hawakujulikana walipo. Nyingine zote zilizimika siku ya shambulio. Hii moja ilisafiri mpaka mjini, ikatulia nyumbani kwa mama wa mwenye simu. Mashine ikamhesabu kijana kuwa mtoro, na sajini akatumwa kumkamata.

Mama mtu aliposikia neno utoro, uso ulimchangamka.

"Karibu, mwanangu. Kumbe yu hai?"

Sajini akaomba kupekua. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili tu. Kitanda cha kijana kilikuwa kimetandikwa kijeshi, shuka imekazwa kama ngozi ya ngoma. Mama alimfuata nyuma akimtania kwamba wamekuja na gari zima kumkamata mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kumshinda yeyote mbio.

Simu ilikuwa dirishani, ikichajiwa. Mama hakuficha kitu. Kule kambini hapakuwa na fundi, kwa hiyo kila aliyekwenda likizo alibebeshwa simu mbovu za wenzake. Rafiki wa mwanawe aliondoka na hii alfajiri ya siku ileile ya shambulio, kioo chake kimepasuka, akamletea mama. Rafiki huyo hakuna aliyemuuliza. Mashine ilikuwa imeshajibu. Sasa mama aliiwasha kila asubuhi, asikilize jumbe za sauti ambazo mwanawe aliwatumia wenzake.

"Ukiwaambia simu ninayo mimi, watamfutia utoro?"

"Watamfutia, mama."

"Halafu watamwandika nini?"

Sajini akatazama buti zake.

"Basi mwache awe mtoro," mama akasema. "Maneno ya majirani nitayavumilia."

Kidogo sajini akubali. Angeandika tu kwamba hakumkuta nyumbani, na nukta ingeendelea kuwaka. Kisha akawakumbuka askari wanaopita kando ya mto kule mpakani, wakitafuta waliopotea. Watoro hawakuwa miongoni mwa waliokuwa wakitafutwa.

"Mama," akasema polepole, "maadamu mashine inasema yuko hapa, hakuna anayemtafuta kule."

Mama akaketi kitandani, shuka ikakunjika, hakuinyoosha. Akaichomoa simu. Sauti ya kijana ikatoka ikicheka, ikimdai mtu fulani soksi zake. Akairudia mara nyingine. Sajini alikuwa amevua kofia, amesimama tu. Kisha mama akabonyeza kitufe cha pembeni, akakishikilia mpaka skrini ikawa nyeusi.

Kwenye kishikwambi nukta ikazimika.

"Haya," mama akasema. "Waambie wakamtafute."